Ubunifu Si Programu Mpya: Tutenganishe Uvumbuzi, Usanifu na Kelele za Teknolojia

Shangazi yangu alizaliwa mwaka 1958. Siku moja alinipa simu yake nimsaidie kujisajili kwenye programu ya huduma moja anayoitumia kila mwezi. Kampuni ilikuwa imetangaza kwamba madirisha ya ofisini yanafungwa na mambo yote yanahamia kwenye simu. Jina tuliandika. Namba ya simu tuliandika. Tulipofika kwenye tarehe ya kuzaliwa ikafunguka kalenda ya mwezi uliopo, na pembeni yake kishale kidogo cha kurudi nyuma. Ukikigusa, unarudi mwezi mmoja. Ukikigusa tena, mwezi mwingine.

Kumbe alikuwa ameshajaribu peke yake kabla sijafika. Alirudi nyuma mpaka 2009, kidole kikateleza, kalenda ikajifunga, na alipoifungua tena ikaanzia mwanzo. Nikapiga hesabu: kutoka siku ile mpaka mwezi aliozaliwa ilikuwa karibu miezi mia nane.

"Labda ni mimi tu, mwanangu," akasema. "Mambo haya ni ya watoto wa siku hizi."

Mimi nami nilihangaika, mpaka kwa kubahatisha nikagusa tarakimu za mwaka pale juu ya kalenda. Ikashuka orodha ya miaka. Hakukuwa na alama, rangi wala neno lolote la kuonyesha kwamba pale panagusika.

"Umejuaje?"

"Sijajua, shangazi. Nimebahatisha."

Tangazo la kuzindua programu ile lilisema kampuni imejikita katika "utamaduni wa ubunifu" na kwamba "inakwenda na kasi ya teknolojia". Siamini kwamba walikuwa wanadanganya. Nadhani walichanganya mambo ambayo karibu kila mtu huyachanganya, na lugha yenyewe haitusaidii sana.

Neno moja, mizigo mingi

Katika Kiswahili cha kila siku, anayechora nguo mpya ni mbunifu wa mavazi. Kijana aliyeunganisha mota na mabati akapata mashine ni mbunifu. Mwalimu mwenye mbinu nzuri darasani ni mbunifu. Na kampuni iliyonunua programu iliyokwisha kutengenezwa, ikabandika nembo yake, nayo siku hizi ni bunifu. Neno limebebeshwa mpaka limepinda mgongo.

Kamusi hazikati mipaka ninayotaka kuichora, lakini katika makala haya maneno nitayatumia hivi. Ugunduzi ni kukuta kitu ambacho tayari kilikuwapo: mwaka 1928 Alexander Fleming aligundua kwamba ukungu fulani huua bakteria, na ukungu ule ulikuwa ukifanya hivyo hata kabla yeye hajauona. Uvumbuzi ni kuunda kitu ambacho hakikuwapo. Usanifu ni kuamua kitu hicho kiwe na umbo gani, kishikwe wapi, kianze na nini na kimwambie nini anayekitumia. Ubunifu, kwa maana wanayoikusudia wakuu wa taasisi wanapopanda jukwaani, ni pale kitu kipya kinapoingia kwenye maisha ya watu kikabadilisha namna wanavyofanya jambo fulani. Kabla hakijaingia bado ni wazo, au ni mashine iliyofungiwa kabatini.

Chukua taa ya umeme. Thomas Edison hakuwa wa kwanza kuwasha uzi ndani ya chupa ya kioo. Wengine walikuwa wamejaribu kwa miongo kadhaa kabla yake, na Joseph Swan wa Uingereza alikuwa na taa yake wakati huohuo. Edison na timu yake ya maabara ya Menlo Park waliwazidi wenzao kwa kufikiria pia mashine ya kuzalisha umeme, nyaya za kupita chini ya barabara, mita na swichi. Tarehe 4 Septemba 1882 kituo chao cha Pearl Street, New York, kilianza kupeleka umeme kwa wateja. Taa isiyofikiwa na waya ni chupa tu. Kwa hiyo uvumbuzi ulikuwa ile chupa; ubunifu ukaja siku mtu wa kawaida alipoweza kubonyeza swichi jioni, bila kumjua Edison wala kujua umeme ni kitu gani. Hapohapo inavunjika ile hadithi tamu ya mtu mmoja mwenye kipaji aliyeamka usiku na wazo. Menlo Park ilikuwa na mafundi, wanahesabu na wapuliza vioo.

Swichi mbili zinazofanana

Kuhusu usanifu, imani iliyoenea ni kwamba msanifu huja mwishoni, kazi ikiwa imekwisha, apake rangi na kuchagua maandishi mazuri. Kuna kisa kimoja kinachoivunja imani hii kuliko maelezo yoyote.

Katika Vita vya Pili vya Dunia, ndege za kivita za Marekani aina ya B-17 zilikuwa zikipata ajali ya ajabu. Ndege inatua salama, inakimbia kwenye njia yake, halafu rubani mwenyewe anayakunja magurudumu na ndege inalalia tumbo. Ripoti ziliandika kwamba ni kosa la rubani. Mwaka 1943 mwanasaikolojia kijana, Alphonse Chapanis, aliingia kwenye chumba cha marubani akatazama vidhibiti. Swichi ya magurudumu na swichi ya flapu, yale mabamba ya nyuma ya bawa yanayosaidia ndege kupaa na kutua kwa mwendo mdogo, zilikaa jirani na zilifanana. Rubani aliyechoka, macho yakiwa nje, alinyoosha mkono akunje flapu akashika swichi ya pili. Kwenye ndege ambazo vidhibiti hivyo havikufanana, ajali hiyo haikuonekana.

Chapanis hakupendekeza marubani wapelekwe semina. Alibandika kigurudumu kidogo cha mpira kwenye swichi ya magurudumu, na kipande chenye umbo la kabari kwenye ile ya flapu, ili mkono utambue hata jicho lisipoona. Mpaka leo kanuni za usafiri wa anga za Marekani zinataka kidhibiti cha magurudumu kwenye ndege kubwa za abiria kiwe na umbo la gurudumu.

Naipenda hadithi hii kwa sababu ndani yake hakuna teknolojia mpya hata moja. Hakuna mashine iliyoongezwa. Kilichobadilika ni swali: badala ya kuuliza nani amekosea, mtu aliuliza kitu hiki kinamkaribishaje mtu kukosea. Huo ndio usanifu.

Usanifu mbaya unaweza kuwa hatari zaidi ya kuudhi. Tarehe 28 Machi 1979, katika kituo cha umeme wa nyuklia cha Three Mile Island huko Pennsylvania, vali moja ilitakiwa ijifunge ikakwama wazi, na maji ya kupoza kinu yakawa yanatoka. Kwenye chumba cha udhibiti taa ilionyesha hali ya kawaida. Tatizo ni kwamba taa ile iliunganishwa na amri, haikuunganishwa na vali. Ilikuwa inasema "nimeagiza ifungwe", na wahudumu wakasoma "imefungwa". Kwa zaidi ya saa mbili watu wenye mafunzo waliiamini taa iliyokuwa inajibu swali jingine, na sehemu ya kinu ikayeyuka. Mmoja wa wataalamu walioitwa baadaye kuchunguza vyumba vile vya udhibiti ni Don Norman, ambaye aliishia kusema jambo ambalo wasanifu wa bidhaa wanalirudia mpaka leo: watu wengi wakishindwa kwa namna ileile, anza kukikagua kitu, si watu. Jina lake limebaki kwenye aina fulani ya mlango, ule wenye mpini wa kuvutwa ambao kumbe unasukumwa. Bila shaka umewahi kupambana nao, ukatazama pembeni kama kuna aliyekuona. Ile aibu ndiyo iliyomshika shangazi. "Labda ni mimi tu."

Sasa mtu ataepukaje kutengeneza mlango wa namna hiyo? Wahenga walishalijibu: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Msanifu mzuri hulala kwenye kitanda, au huketi kando ya anayelala. Na hufanya hivyo mapema, kitanda kikiwa bado ni mbao. Ninaposema mbao nina maana ya mbao kwelikweli: katikati ya miaka ya 1990 Jeff Hawkins alipokuwa anafikiria kompyuta ndogo ya mkononi, alichonga kipande cha ubao chenye ukubwa wa kuingia mfukoni mwa shati, akawa anatembea nacho. Mtu akimuomba miadi, anakitoa, anajifanya anaandika, anakirudisha. Kabla hajatumia pesa kwenye saketi hata moja alikuwa ameshajua kinachokera na kinachofaa. Kifaa kilichozaliwa, Pilot, ambacho baadaye kiliitwa PalmPilot, kiliingia sokoni 1996 na kikauzwa vizuri mahali ambapo wengine walikuwa wameshindwa.

Hapa huja pingamizi moja, nami nimelisikia mikutanoni mpaka limenichosha: kwamba kuuliza watu hakuna maana, kwa kuwa Henry Ford, mtengenezaji wa magari, alisema angewauliza wateja wangetaka farasi wenye mbio zaidi. Hakuna ushahidi kwamba Ford aliwahi kusema hivyo. Na hata angesema, kumsikiliza mtu si kumpa karatasi aandike anataka nini. Shangazi hajui kalenda ya kwenye simu ingeundwaje. Anajua kwamba alifika 2009 kidole kikateleza, na hicho ndicho msanifu anachokihitaji.

Kipya kinyemi

Tuje kwenye kelele. Kila mwaka teknolojia ina wimbo wake. Oktoba 2021 kampuni ya Facebook ilibadili jina ikajiita Meta, ikisema kesho yetu iko kwenye ulimwengu pepe, yaani dunia ya kompyuta unayoiingia kwa miwani maalumu na kuwakilishwa na kikaragosi. Mwaka mmoja tu baadaye, Novemba 2022, ikaja ChatGPT na masikio yote yakageukia akili mnemba, ambayo wengine huiita akili unde. Kampuni ambazo zilikuwa zimeajiri watu wa ulimwengu pepe zikaanza kutafuta watu wa akili mnemba. Kipya kinyemi, ingawa kidonda.

Mwelekeo wa teknolojia ni nini basi? Ni uwezo mpya unaoanza kuwa rahisi na kuenea, pamoja na maneno yanayoufuata. Uwezo na maneno havitembei kwa mwendo mmoja. Maneno hukimbia mbele. Mtafiti Roy Amara alilieleza hili kwa namna ambayo sijaona iliyoizidi: tunayazidisha matarajio yetu kwa teknolojia katika muda mfupi, na kuyapunguza katika muda mrefu. Kampuni ya ushauri ya Gartner imekuwa tangu 1995 ikichora mchoro wa safari hiyo: matarajio yanapanda mpaka kilele cha kupitiliza, yanaporomoka kwenye bonde la kukata tamaa, kisha polepole yanapanda tena watu wanapojua kitu kinafaa wapi. Mchoro unasaidia, ila usiugeuze sheria ya maumbile. Teknolojia nyingi huingia bondeni zikazikwa humohumo.

Angalia mbili zilizokwenda njia tofauti. Kuanzia mwaka 2010 watengenezaji walituambia kila sebule itakuwa na televisheni ya picha za pande tatu. Kufikia 2017 kampuni za mwisho kubwa, LG na Sony, zilikuwa zimeacha kuzitengeneza. Uwezo ulikuwapo, picha ilitokeza kweli. Lakini kila mtazamaji alihitaji miwani yake, vipindi vilikuwa vichache, na ukitaka kutazama huku unaongea na watu sebuleni, miwani ile ni kero. Hakuna aliyekuwa amelala akiota kuondolewa tatizo la picha isiyotokeza.

Ya pili ni msimbo wa QR, ile miraba myeusi na myeupe. Ulibuniwa mwaka 1994 na Masahiro Hara na wenzake katika kampuni ya Denso ya Japani, kwa kazi isiyovutia hata kidogo: kufuatilia vipuri vya magari. Misimbo ya mistari iliyokuwapo ilibeba taarifa chache, na mfanyakazi akalazimika kupitisha mashine kwenye misimbo mingi kwa boksi moja. Ndiyo tabu iliyomfikia Hara. Kampuni haikudai malipo kwa matumizi ya msimbo wake, ikaacha yeyote autumie. Kwa miaka mingi watu wa nje ya viwanda waliuona kwenye mabango wakaupita, maana ilibidi kwanza upakue programu ya kuusoma. Kisha kamera za simu zikajifunza kuusoma zenyewe; simu za iPhone zilianza 2017. Janga la UVIKO-19 lilipofika, watu wakitaka kuepuka kugusana, msimbo wa miaka 26 ukaonekana kama kitu kipya.

Mwanasosholojia Everett Rogers, aliyeandika mwaka 1962 kuhusu namna mambo mapya yanavyoenea, aliacha maswali ambayo ningependa yabandikwe kwenye ukuta wa kila chumba cha bodi. Je, kitu hiki kinakizidi kile ambacho mtu anacho sasa? Kinaendana na maisha yake? Anaweza kukielewa bila kusumbuka? Anaweza kukijaribu kidogo kabla ya kujifunga? Na jirani yake anaweza kuona kwa macho kwamba kimemsaidia? Televisheni ile ilijikwaa kwenye karibu yote. Msimbo wa QR ulikwama kwenye swali la tatu tu, na kamera ya simu ilipolitatua, njia ikafunguka.

Rogers aliwagawa watu pia: wachache wanaothubutu kwanza, asilimia 2.5, wakafuata wengine kwa mafungu, mpaka asilimia 16 za mwisho ambao kwa lugha yake ni kama wazembe wa msafara. Jina hilo silipendi. Wanaochelewa mara nyingi wana sababu nzuri kuliko wanaokimbilia: wameumizwa na kitu kilichopita, au kitu chenyewe hakikutengenezwa wakiwa wanafikiriwa. Kalenda ile ingeweza kumhesabu shangazi kwenye asilimia 16 na watu wakaandika ripoti kwamba wazee hawapendi teknolojia. Shangazi huyohuyo hutuma ujumbe wa sauti wa dakika saba bila kuuliza mtu.

Na akili mnemba? Nayo ijibu maswali yaleyale. Inapofupisha nyaraka ndefu kwa mtu ambaye angezisoma usiku kucha, au inapomsomea asiyeona kilicho kwenye picha, tabu iliyoondolewa inaonekana. Inapobandikwa kwenye huduma kwa wateja ili mteja asifike kwa binadamu, kuna tabu iliyoondolewa pia, ila ni ya kampuni. Ya mteja imeongezeka. Vyote viwili vitaitwa ubunifu kwenye tangazo.

Habari mbaya inasafiri vipi?

Hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu. Utamaduni wa ubunifu huzungumzwa kana kwamba ni samani: viti vya rangi, ukuta wa kuandikia, shindano la siku mbili la kuandika programu na fulana za bure. Sina ugomvi na fulana. Lakini ukichunguza mifano iliyofaulu na iliyoanguka, utaona kinachoamua ni njia ambayo tabu hupita, kutoka kwenye mkono wa anayeipata mpaka kwenye sikio la anayeweza kuiondoa. Njia ikiwa wazi, usanifu unaboreka na mielekeo ya teknolojia inachujwa. Ikiziba, hata mvumbuzi aliye ndani ya nyumba hawezi kuwaokoa.

Kodak, kampuni ya filamu za picha, ndio ushahidi unaotajwa zaidi, na husimuliwa vibaya. Mwaka 1975 mhandisi wao kijana, Steven Sasson, aliunganisha kamera isiyotumia filamu. Ilikuwa na uzito wa takriban kilo 3.6, ilitoa picha nyeusi na nyeupe yenye nukta 10,000 tu, na ilichukua sekunde 23 kuihifadhi picha moja kwenye kaseti. Husemwa kwamba Kodak ilicheka ikalala. Haikulala. Iliandikisha hataza, yaani haki rasmi ya uvumbuzi, iliwekeza pesa nyingi, na kuna kipindi iliongoza kwa mauzo ya kamera za dijitali Marekani. Iliyoshindikana ni kukubali maana ya habari ile. Faida ilitoka kwenye filamu, karatasi na kemikali, kwa hiyo kila hatua ya dijitali ilikuwa inakula mfuko wa idara iliyokuwa na sauti kuliko zote. Januari 2012 kampuni iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake. Mshindani wake Fujifilm aliikuta bahari ileile, akakiri mapema kwamba filamu inakufa, akahamisha ujuzi wake wa kemikali kwenye vifaa vya tiba, utando wa skrini na hata vipodozi. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Upande wa pili iko Toyota. Sakichi Toyoda, ambaye familia yake ndiyo iliyokuja kuanzisha kampuni ya magari, alijulikana kwa mashine za kufuma zilizojisimamisha zenyewe uzi ukikatika. Fikiria mashine isiyofanya hivyo: uzi umekatika, mashine inaendelea, na jioni unakuta mita nyingi za kitambaa kibovu. Wazo hilo lilihamia kwenye magari. Juu ya mstari wa kuunganisha magari kulikuwa na kamba. Mfanyakazi yeyote akiona kasoro anaivuta, kiongozi wa timu anakuja, na kama haikutatuliwa kwa wakati, mstari unasimama.

Mwaka 1984 Toyota na General Motors (GM) ya Marekani waliungana kufungua upya kiwanda cha Fremont, California, ambacho GM ilikuwa imekifunga miaka miwili nyuma kikiwa na sifa mbaya: utoro, malalamiko, magari yenye kasoro. Wafanyakazi wengi walioajiriwa walikuwa walewale wa zamani, chama chao cha wafanyakazi kilekile. Baada ya muda mfupi magari yao yalikuwa miongoni mwa yenye ubora wa juu kabisa ndani ya GM. Watu hawakubadilishwa. Kilichobadilika ni kinachompata mtu anaposema "hapa pana tatizo". GM ilipojaribu kuuhamishia mfumo huo viwanda vyake vingine, kazi ikawa ngumu na ya miaka mingi. Kamba ni rahisi kuifunga darini. Msimamizi anayekuja mbio kuuliza "nikusaidie nini?" badala ya "nani amesimamisha?" hanunuliwi dukani.

Kisayansi jambo hili lina jina, usalama wa kisaikolojia, yaani mtu kujua kwamba akisema kosa au tatizo hataadhibiwa, na utafiti wake una mwanzo wa kufurahisha. Katika miaka ya 1990 mtafiti Amy Edmondson alichunguza timu za hospitali akitarajia kwamba timu bora zitakuwa na makosa machache ya kutoa dawa. Takwimu zikaja kinyume: timu zenye uongozi na maelewano mazuri zilionekana kuwa na makosa mengi zaidi. Ilimchukua muda kutambua kwamba hawakuwa wanakosea zaidi; walikuwa wanasema zaidi. Kwingine makosa yalizikwa kimyakimya. Kwa hiyo ukienda kwenye idara ambayo ripoti zake hazina doa, usikimbilie kupongeza.

Usalama huo haumaanishi kubembelezana, wala haumaanishi "kufeli ni kuzuri", kauli ambayo imekuwa nembo ya makongamano. Mvumbuzi Mwingereza James Dyson alitengeneza mifano 5,127 ya mashine yake ya kufyonza vumbi isiyo na mfuko mpaka akapata iliyomridhisha. Ukisikia hivyo haraka utadhani alifeli mara elfu tano. Alikuwa akibadilisha jambo moja, anapima, anaandika, anabadilisha jingine. Anayerudia kosa lilelile bila kulipima hafanyi ubunifu, anaharibu vifaa.

Na wakati mwingine habari mbaya yenyewe ndiyo mali. Mwaka 1968 Spencer Silver wa kampuni ya 3M alikuwa akitafuta gundi yenye nguvu, akapata isiyoshika vizuri: inanata kidogo, inabanduka bila kuacha alama. Mahali pengine angeitupa na kutomwambia mtu. Yeye aliendelea kuieleza kwenye semina za ndani, miaka nenda rudi, akitafuta mwenye tatizo linaloendana na jibu lake. Mwaka 1974 mfanyakazi mwenzake aliyekuwa amemsikia, Art Fry, mwanakwaya aliyechoshwa na vipande vya karatasi kudondoka kwenye kitabu chake cha nyimbo, akaikumbuka. Vikaratasi vya kunata vilienea Marekani nzima mwaka 1980, miaka 12 baada ya gundi "kushindikana". Kampuni ile ina desturi ya muda mrefu ya kuwaruhusu watafiti watumie sehemu ya muda wao, asilimia 15, kwenye mambo wanayoyachagua wenyewe. Wengi huiga hiyo asilimia 15 na kusahau zile semina, wakati Fry aliipata gundi kwa kukaa akamsikiliza mwenzake aliyeshindwa.

Baada ya kumaliza kumsajili shangazi niliona niwe mtu mwema. Chini kabisa ya programu kulikuwa na sehemu imeandikwa "Tupe maoni yako, tunakusikiliza". Nilipanga kuwaeleza habari ya kalenda kwa mistari mitatu tu: waweke nafasi ya kuandika mwaka kwa tarakimu, na shida imekwisha. Nikagusa. Fomu ikafunguka, ikasema kwanza wathibitishe kwamba ni mimi. Jina nikaandika. Namba ya simu nikaandika. Chini yake kulikuwa na tarehe ya kuzaliwa, na kishale kidogo cha kurudi nyuma.